Nilivyostaafu Ukoko

Jambo la kwanza la kijinga nililofanya katika kazi hii, kabla hata sijaajiriwa, ni kumfungia mtoto wa mama yangu kwenye banda la kuku.

Tulieni. Mtoto mwenyewe alikuwa wa mpira. Ni yule mwanasesere wanaofundishiwa wauguzi jinsi ya kumpokea mtoto anapozaliwa, na ninyi mkishakubaliwa na mwalimu wa klabu ya afya mtamjua kuliko mnavyowajua ndugu zenu. Anaitwa Junia. Kuku walimdonoa begani, sijui walidhani ni chakula au ni adui, na maji yote yaliyokuwa ndani yake yakamwagika. Hadi leo ana kiraka cha fundi baiskeli wa Tengeru. Mkiwauliza wauguzi kiraka kimetoka wapi watawaambia ni ajali kazini. Ajali ni mimi.

Nawaandikia haya kwa sababu nimestaafu. Niko kidato cha nne, mtihani umekaa mlangoni kama askari, na mama amesema basi. Nafasi yangu wanapewa wawili kati yenu wa kidato cha pili. Wawili! Kazi niliyoifanya peke yangu. Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba, bila kiinua mgongo, bila hata ile saa ya ukutani wanayopewa walimu wakuu, na sitaficha: nawaonea wivu mpaka meno yananiuma. Lakini mama ameagiza niwaachie maneno, kwa hiyo kaeni, na mkicheka mcheke kwa adabu. Mnamsikiliza mstaafu.

Mama yangu ni muuguzi mkunga, na kazi yake kubwa ni kuwafundisha wakunga wenzake. Anazunguka zahanati za mlima huu na sanduku lake, leo huku kwetu Umeruni, kesho upande wa pili kwa Waarusha, na ndani ya sanduku yumo Junia. Mwaka ule wa virusi, shule zilipofungwa nasi tukashangilia likizo kama wajinga, kazi yake iliongezeka maradufu. Wauguzi walikuwa wanawaogopa kina mama, kina mama wanaiogopa zahanati. Kuna mahali mtoto akizaliwa alikuwa anatengwa na mama yake eti kwa usalama, analazwa peke yake kwenye ubaridi, ananyimwa ziwa. Mama akasema watoto watauawa na woga wetu kabla virusi havijawafikia. Kwa hiyo akawa anafundisha kutwa: mama hata akiwa mgonjwa avae barakoa, anawe mikono, anyonyeshe. Mtoto akae kifuani kwake, ngozi kwa ngozi. Usimtenganishe mtu na joto lake.

Hayo aliwafundisha watu wengine. Sasa sikieni ya nyumbani.

Zamani mama akirudi kutoka kazini alikuwa na mtindo wake. Ananishika kichwa kwa kiganja kizima, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, anakigonga kwa vifundo vya vidole, anatega sikio, kisha anasema, "Bado halijaiva." Basi. Ndiyo ilikuwa salamu yetu. Sikuwahi kumwambia kwamba kutwa nzima nilikuwa naingojea. Wewe ungemwambia?

Virusi vilipoingia akaacha. Akifika anapitia uani moja kwa moja, nguo kwenye ndoo ya sabuni, anaoga, anaingia chumba cha nje alichokuwa akilala kijana wa ng'ombe. Anakula huko huko. Alitusalimia kutoka ng'ambo ya kamba ya kuanikia nguo kama mgeni wa serikali.

"Eli, umekula?"

"Nimekula."

"Na mdogo wako?"

"Kala."

"Haya."

Alikuwa anatukinga, nilijua. Kujua hakukunisaidia chochote. Maana Junia alikuwa anashikwa kutwa. Anapanguswa, anasuguliwa mgongo, anafunikwa kitenge kipya ambacho baba alimnunulia mama, si Junia. Mimi mwanawe wa damu, niliyemtesa tangu natoka tumboni mwake, sijaguswa wiki na wiki, huku mpira unabembelezwa. Nilichotaka ni kiganja kimoja kichwani. Kimoja tu, hata kama ni cha kuniambia sijaiva.

Ndipo nikampeleka Junia kwa kuku. Hesabu yangu ilikuwa kwamba sanduku likiwa tupu, mama atabaki nyumbani. Baada ya hapo sikufikiria. Kichwa kilikuwa bado hakijaiva.

Mama alimkuta Junia na manyoya mdomoni. Nikajiandaa kuchapwa, na nawaambia kweli, nilikuwa nimefika mahali hata fimbo ningeipokea, maana fimbo nayo ni kushikwa kiaina. Hakunichapa. Alisimama ng'ambo ya kamba akasema, "Umemwonea mtoto. Basi utamlea."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Usaili haukuwepo.

Sasa ya kazi. Junia anajazwa maji, na maji hayo ndiyo yanampa uzito wa mtoto kweli. Yawe ya uvuguvugu. Siku yangu ya kwanza nilijaza ya bomba la mlimani, na mnayajua yanavyouma meno. Muuguzi wa kwanza kumpokea aliruka. Mama akatangaza mbele ya wote, "Mtoto huyu amekufa kwa baridi, na aliyemuua ni yule pale mwenye jezi." Tangu hapo nilibeba chupa ya chai yenye maji ya moto kila tulikokwenda. Bebeni na ninyi.

Mtakaa chini ya meza, mikononi mna vipira viwili vyenye mirija. Ukiminya kimoja, kifua cha Junia kinapanda, anapumua. Ukiminya cha pili, kitovu chake kinadunda. Kazi ya muuguzi ni kumpangusa mtoto akauke, kumsugua mgongo, na kama bado hapumui, amlaze kidevu kikiwa kimeinuka kidogo tu, kama mtu anayenusa mandazi ya jirani. Kisha anamfunika pua na mdomo kwa kile kikombe cha mpira, anaminya mfuko wa hewa taratibu. Akiuminya kwa hasira kama anajaza upepo tairi, msimpe pumzi. Akiminya kwa upole na haraka inayotakiwa, mwacheni Junia apumue, maana mtoto asiyepumua hana subira ya kungoja mtu ajaribu tena kesho. Kwa kifupi, chini ya ile meza ninyi ndio mtaamua nani anaishi. Msilewe madaraka.

Mimi nililewa. Nilimlewea Sista Naserian.

Huyu alikuwa muuguzi mpya, katoka chuo juzi juzi, binti wa Kiarusha wa upande ule wa magharibi wa mlima. Mpole, mrefu, hana makuu. Ningempenda kama si mikono yake. Siku ya kwanza alipomshika Junia, mama aliitazama ile mikono, kisha akatamka, "Hii imeiva."

Imeiva! Neno langu. Neno nililolingojea tangu nazaliwa, kapewa mtu aliyefika saa nne na daladala.

Halafu akasimama nyuma yake, akaweka mikono yake juu ya mikono ya yule dada, glavu juu ya glavu, wakaminya mfuko pamoja. "Vizuri," mama anasema. "Vizuri. Hivyo hivyo." Chini ya meza, nilikokuwa nachungulia, nikaviachia vile vipira. Nikakunja mikono. Kifua cha Junia kikatulia.

"Eli," mama akaita.

"Naam."

"Mbona mtoto hapumui?"

"Ana msimamo."

Watu walicheka, mama hakucheka, na Naserian akaanza upya bila kulalamika. Hilo la kutolalamika ndilo lilinimaliza.

Baadaye nilipandishwa cheo, nikawa mama mzazi. Hii ni kazi ya kulala kwenye benchi na Junia chini ya shati, kupiga kelele, na kuuliza maswali ya kijinga ambayo wazazi huuliza. Niliiomba mwenyewe. Nilifikiri mama atanipapasa tumbo, atanirekebisha mabega, ataniwekea mtoto kifuani. Mama alifundisha kwa kalamu. Alisimama mbali, akaonyesha hewani: "Hapa. Mshike hapa. Naserian, mwonyeshe mwenzako." Nikajifungua Junia kila siku, na kila siku nilishikwa na watu wengine. Shauri la kitaalamu: mkiwa mmevaa barakoa, uchungu wote unafanyiwa machoni. Mimi nilikuwa na machozi ya kweli. Walinisifu kwa kipaji.

Kisha nikawa koko, na hii ndiyo sehemu ambayo mama anataka muisome mara mbili.

Koko ni bibi, kwa Waarusha. Na kwa Waarusha, koko akimpokea mjukuu humbariki kwa mate. Msitoe macho. Si mate ya dharau, ni unyunyu mwepesi kama umande, pamoja na maneno, na mtoto asiyeupata ni kama ukoo haujamwamkia. Sasa fikirini mwaka ule. Mzee atoke sokoni na virusi vyake asivyovijua, ashushe barakoa, amnyunyizie mtoto wa siku moja. Wauguzi wengine walikuwa wanawafukuza mabibi getini kama mbuzi. Wengine waliogopa kugombana, wakageuka pembeni, wakaacha yatokee. Mama alitaka wajifunze njia ya tatu, yaani kuongea. Kwa hiyo mimi nikavikwa shuka jekundu, nikapewa fimbo, nikajitengenezea shanga kwa vizibo vya soda, nikawa koko. Kila muuguzi aje anisihi. Sheria ya mama ilikuwa moja: "Koko akikubali kwa moyo, umefaulu. Eli, wewe ndiye utakayejua."

Mtoto kama mimi kupewa mamlaka ya namna hiyo! Niliinama mpaka pua ikakaribia magoti. Nilikohoa, nilitetemeka, niliita kila mtu "we wa juzi". Baraza zima lilikuwa halina mbavu. Siku moja, mama akiwa ndani na mzazi, muuguzi mmoja mnene mwenye maneno mengi akaniambia, "Koko, mwaka huu baraka tunapokea kwa simu tu. Itume, na usisahau ya kutolea." Nilicheka hadi vizibo vikaanza kudondoka. Nikampasisha pale pale. Wengine wakaona njia ni hiyo, wakaja na vichekesho vyao, nikawapasisha wote.

Naserian peke yake alikuja na maneno ya kweli. Alichuchumaa, akanieleza ugonjwa unavyosafiri, akaniomba radhi kwa kunizuia, akaniuliza mimi naona tufanyeje. Nami nikajibu, "Sijaridhika. Nataka mjukuu wangu." Kesho yake akaja tena. "Sijaridhika." Kesho kutwa vile vile. Hakukosea hata siku moja, na mimi nilikuwa namwangusha kwa sababu hiyo hiyo.

Basi, siku yenyewe tulikuwa zahanati moja upande wa kwao. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi juu ya mabati. Tulifundishia barazani kwa sababu kujazana ndani kulikatazwa. Asubuhi ile binti mmoja alikuwa amejifungua mtoto mdogo sana, anayenyonya kwa kusitasita kama mtu asiyependa chakula cha ugenini. Mama aliagiza asiondolewe kifuani kwa mama yake, na wasitoke zahanati mpaka anyonye kwa nguvu. Ndani kulikuwa na mzazi mwingine ameanza kusukuma. Mama akaingia huko, mlango akamwachia Naserian.

Ndipo akaja koko wa kweli.

Alikuwa mama mkwe wa yule binti. Hakuwa ameinama. Alikuwa amenyooka kama nguzo ya umeme, chupa ya uji mkononi, barakoa imening'inia kidevuni.

"Takwenya, koko," Naserian akamwamkia.

"Iko," koko akaitikia. "Niletee mtoto."

Naserian akaeleza. Akaeleza vizuri, kama alivyonieleza mimi. Koko akasikiliza mpaka mwisho.

"Wanangu wote niliwatemea, na wajukuu wote. Yupi ana kovu?"

Nikamwona Naserian anageuza macho, ananitazama mimi niliyesimama na shuka langu na vizibo vyangu. Nilijua anatafuta nini. Maneno ya kweli yalikuwa yamekataliwa siku nyingi na koko aliyemjua, ambaye ni mimi. Akachukua yale yaliyofaulu.

"Koko, mwaka huu baraka tunapokea kwa simu. Itume tu, na ya kutolea."

Baraza likacheka, kwa mazoea. Koko akageuka aone wanaocheka ni kina nani. Macho yake yakanikuta. Akaanzia kwenye vizibo, akateremka na shuka, akafika kwenye raba zangu, akapanda tena.

"Na huyu," akauliza taratibu, "ni mimi?"

Ungejibu nini?

Koko akampita Naserian, akaingia. Alipotoka alikuwa amemtanguliza mkwewe, na mtoto amefungwa kwenye khanga mgongoni kwa koko mwenyewe, mbali na kifua cha mama yake. "Tembea," akamwambia binti. "Hapa tunachezewa."

Mama alitokea mlangoni, glavu juu, hawezi kwenda kokote maana huko ndani kichwa cha mtoto kimeshaonekana. Akatazama geti, akamtazama Naserian anayelia ndani ya barakoa.

"Nani amemwambia hilo neno la simu nililolisikia dirishani?"

"Mimi," Naserian akasema.

Hakunitaja. Hata kwa kunyamaza alinizidi, mnaona? Nikasema, "Nililipasisha mimi, mama. Na yeye nilikuwa namfelisha makusudi."

Mama hakuuliza kwa nini. Alisema, "Yule mtoto hafiki jioni na ubaridi huu. Mrudisheni." Akaingia ndani.

Nikaanza kuvua shuka. Naserian akanizuia. "Usivue. Umemvaa, atakutaka hivyo hivyo."

Tuliwakuta kwenye bomba la kijiji. Yule binti alikuwa ameshindwa, amekaa kwenye zege la bomba, jasho linamtoka na huku kunanyesha manyunyu. Koko amesimama kando. Naserian aling'oa nyasi mbichi, akanipa nusu. Wachaga wakiomba msamaha hubeba jani la isale. Waarusha hushika nyasi. "Usiseme kitu mpaka aseme yeye," akaninong'oneza.

"Takwenya, koko," Naserian akaamkia.

Koko hakuitikia. Alinitazama mimi.

"Nifanye."

"Shikamoo koko, sijaelewa..."

"Kule ulikuwa unanifanya, watu wakacheka. Mimi sijaona. Nifanye nione."

Jamani. Nimecheza mbele ya wauguzi, mbele ya mganga mkuu, mbele ya mchungaji. Sijawahi kuogopa kama mbele ya lile bomba. Nikainama, nikakohoa.

"Mimi naumwa kiuno?"

"Hapana, koko."

"Basi umeinama unatafuta nini, umeangusha shilingi?"

Nikanyooka.

"Na hiyo sauti ni ya mbuzi. Sema kama mtu."

"Niseme nini, koko?"

"Si wewe ndiye mimi? Sema ninachotaka."

Nikasema lile la kila siku. "Nataka mjukuu wangu."

"Kwa nini leo? Kwa nini nisingoje ugonjwa wenu uishe?"

Siku zote zile za ukoko, vikohozi vyote vile, sikuwahi kujiuliza.

"Kwa sababu ugonjwa unachukua wazee," koko akasema. "Redio inasema kila asubuhi. Nikingoja uishe, nikaisha mimi kwanza, huyu atabarikiwa na nani?"

Manyunyu yakaendelea. Naserian alichuchumaa palepale kwenye tope, nyasi mkononi.

"Koko, hilo sina jibu lake," akasema. "Siwezi kukudanganya. Ila mtoto akiishiwa joto, ataondoka kabla yako, leo hii. Niruhusu nimrudishe kwenye joto. Baada ya hapo unitukane."

Mtoto akatoa sauti ndogo, kama mlango usiotiwa mafuta. Koko akasikia. Akafungua ile khanga kimya kimya, akamtoa. Naserian alinyunyiza dawa mikononi, akampokea, akafungua nguo za yule binti, akamweka mtoto kifuani, kichwa kikigeukia upande, akawafunika wote wawili kwa sweta lake mwenyewe. Koko alikuwa anaitazama ile mikono. Nami niliitazama, na kwa mara ya kwanza sikutamani ikosee.

"Iko," koko akasema, akiitikia ile salamu iliyokuwa inangoja muda wote. Kisha akanigeukia. "Wewe uliyenivaa. Sogea."

Nikasogea.

"Nibebee baraka zake. Nikiwepo ugonjwa ukiisha, nitampa mwenyewe. Nisipokuwepo, utampelekea."

Akanishika bega, akaanza maneno kwa Kimaasai. Nililishika moja tu, Engai, Mungu. Kisha akanitemea utosini, unyunyu ule ule mwepesi, mara kwa mara, kila baada ya maneno machache. Naserian alifumba macho. Masomo yote ya mama yangu yalikuwa yanavunjwa juu ya kichwa changu.

Koko yupo, msihuzunike. Ugonjwa ulipotulia alimtemea mjukuu wake mwenyewe, nilialikwa. Nilipomuuliza zile nilizobeba nizipeleke wapi, akasema nikae nazo, kichwa kigumu kama changu kinazihitaji.

Kwa hiyo ninyi mtakaonirithi, mkivaa koko msiiname. Ulizeni lile swali la bombani. Muuguzi atakayewachekesha msimpasishe, hata vizibo vikidondoka vyote. Yule atakayenyamaza kwanza, akakiri hajui, kisha akaendelea kuomba, huyo mpeni.

Siku ile tuliporudi zahanati, mtoto wa ndani alikuwa ameshazaliwa, tunamsikia analia kwa haki yake. Mama alikuwa barazani. Alimwona binti, akaona mtoto yuko kifuani, akaona koko anafuata nyuma, akashusha pumzi ndefu. Akamwambia Naserian, "Asante, mwanangu."

Mwanangu. Nilijiandaa kuumia, nikaumia.

Kisha akaniona mimi.

"Eli. Hicho kichwa kimelowa nini?"

"Baraka."

"Za nani?"

"Za yule mtoto. Nimeshikishwa tu."

Mama alimtazama koko. Koko alimtazama mama. Wakaelewana jambo ambalo hawakunishirikisha. Mama akavua glavu, zote mbili, akanawa, akanishika shingo kwa mkono mtupu, akaniinamisha kwenye beseni la kunawia lililokuwa getini. Akafungulia maji. Akachukua sabuni ya mche.

Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa klorini, vigumu kuliko nilivyovikumbuka. Vilianzia utosini, vikashuka kisogoni, vikazunguka nyuma ya masikio, vikapanda tena. Maji ya baridi yalinitiririka mgongoni hadi kwenye raba, na nilinyamaza kimya, mimi ninayepiga kelele hata nikikatwa kucha. Povu likaisha. Maji yakatoka masafi. Vidole vikaendelea. Barazani wauguzi walikuwa wamesimama wanangoja, Naserian na mfuko wa hewa mkononi, Junia chali mezani.

"Mama," nikasema ndani ya beseni, "kimeshatakata. Wanakungoja."

Akasema, "Tulia. Sijamaliza."